Sindano ya Saa Isiyofika

Ndugu zangu, katika hospitali moja ya mji wa Tanta ilikuwepo wodi ya wanaume ambayo wauguzi wake walipendana kama watoto wa tumbo moja. Ramadhani ile, jua lilipoanza kuinama, harufu ya supu ya dengu ilijaa ukumbini, na meza ikatandikwa ili wote wafuturu pamoja. Bi Inshirah, muuguzi mkuu, aliwatazama akajiona mama mwenye nyumba yenye baraka.

Lakini umoja ule ulikuwa na siri. Daktari aliagiza wagonjwa wa kisukari wachomwe insulini, dawa ya kushusha sukari, magharibi, sinia za chakula zinapoingia. Wauguzi, ili wawahi meza, waliwachoma mapema, kisha kwenye faili wakaandika saa ya magharibi. Mtindo huo aliuanzisha Bi Inshirah mwenyewe, miaka minane nyuma, kwa kuwahurumia wenzake. Mtaniambia huruma si kosa. Subirini.

Siku hiyo muuguzi Rababu alimchoma Mzee Shehata saa kumi na nusu, akaandika saa kumi na mbili na dakika tano.

"Mbona mapema hivi, binti yangu?"

"Nina saladi ya kukatakata, mzee wangu. Au unataka nife njaa?"

"Usife bwana. Nani atanigombeza?"

Wakacheka. Saa moja baadaye Bi Inshirah alipita, akamkuta mzee amelowa jasho, macho wazi, haitiki. Akampima sukari: imeshuka vibaya. Daktari Wagdi alikuja mbio, akamwekea maji ya sukari mshipani, akafungua faili.

"Saa kumi na mbili na dakika tano?" Akatazama ukutani. "Sasa ni kumi na moja na nusu! Amechomwa saa ngapi hasa? Lazima nijue dawa iliyobaki mwilini!"

Rababu alimtazama mkubwa wake. Bi Inshirah akamgeukia.

"Sema kweli, mwanangu. Mtindo ni wangu, nami ndiye nitakayeujibia."

"Saa kumi na nusu," Rababu alisema, akaangua kilio.

Daktari akapanga matibabu upya. Hatimaye mzee alipepesa macho.

"Adhana bado?"

"Adhana gani, wewe mgonjwa?" Bi Inshirah alivuta droo ya kitanda. Chakula cha mchana kilikuwemo chote, hakijaguswa.

"Sasa nitafune ninyi mkinitazama na njaa zenu? Mimi nina haya, mama!"

Walipotoka, Rababu alimshika Bi Inshirah mkono. "Mama, huo ukurasa wa faili tuuchane. Mzee amepona."

"Nani atauliza, Bi Inshirah?" daktari naye akasema. "Mwezi mtukufu huu."

"Nitauliza mimi."

Aliketi akaandika taarifa, jina lake likitangulia, wala hakuficha ile miaka minane. Kamati ya hospitali ilimpa onyo la maandishi; Rababu akafanya kazi mwezi mzima chini ya usimamizi. Bi Inshirah alilipokea onyo lake wima, bila kunung'unika.

Tangu hapo wauguzi waligawana zamu: nusu hufuturu kwa tende na maji pembeni mwa vitanda, nusu mezani, kisha hupokezana. Jioni ya kwanza Bi Inshirah alibaki vitandani. Rababu alimchoma Mzee Shehata sinia ikiwa tayari mapajani mwake, akatazama saa, akaandika alichokiona.

"Kula, mzee."

"Nakula, nakula! Wodi hii ina amri kuliko jeshi."

Bi Inshirah alicheka mpaka tende ikampalia.

FUNZO

Enyi wauguzi, na ninyi nyote mnaoongoza watu: faili la mgonjwa ni ushahidi mbele ya sheria. Andika ulilotenda, saa uliyolitenda, baada ya kulitenda. Wema kwa wenzako usilipiwe na mwili wa mgonjwa. Na kiongozi anayewasukuma walio chini yake wabebe kosa alilowafundisha huyo ni mwoga, hata avae cheo gani! Kiongozi wa kweli hutangulia kusema, "Ni langu," halafu hulisahihisha.

Nami namsifu Bi Inshirah, bila haya.