Neema Kwanza, Imani Baadaye

“Shangazi, hebu nisomee wewe, labda macho yangu yananidanganya.”

Msusi alimpa shangazi yake simu ya mchumba wake, fundi seremala, aliyeiacha saluni ikichaji. Ujumbe ulikuwa umeingia sasa hivi, kutoka kwa “Mwalimu”:

“Leo saa kumi mbele ya wazee. Anza na NEEMA. IMANI baadaye. Ukianza na IMANI, wazee watakukataa.”

“Mungu wangu! Wawili?”

“Tena kwa zamu! Anapelekwa kujitambulisha kwa wazee wa watu, na harusi yetu Jumamosi!”

“Si alisema anasoma darasa la kanisa?”

“Darasa lipi? Kila jioni nasikia ananong’ona, ‘Neema, Neema.’ Nikadhani anasali. Leo atanitambua!”

“Mwanangu, hasira hasara. Muulize kwanza.”

“Nakwenda kumuuliza hukohuko kanisani anakodai yuko!”

Akatoka mbio na chanuo mkononi, mteja kasukwa nusu kichwa.

Kanisani, fundi alikuwa amesimama mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa, shati limelowa jasho. Imani ya Mitume alishaikiri bila kukwama. Likabaki swali lililokuwa likimshinda darasani.

“Kijana,” mchungaji alisema, “kabla hatujakupokea katika kanisa letu la Presbiteri, tueleze. Kipi hutangulia, neema au imani?”

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

“Hata mimi nataka kujua! Nani anatangulia? Na mimi ni wa ngapi?”

“Mpenzi, kuna nini?”

“Mpenzi wako nani? Neema ni nani? Imani ni nani? Sema mbele ya hawa wazee!”

Akausoma ule ujumbe kwa sauti. Mmoja wa wazee wa kanisa, mama wa makamo, akashika kichwa.

“Jamani, ujumbe huo ni wangu. Mwalimu wake ni mimi. Binti yangu, hao si wasichana! Tunaamini Mungu huanza kutupa neema yake, hata kabla hatujamtafuta. Imani yenyewe ni zawadi ya hiyo neema. Mchumba wako kila siku anageuza, anaanza na imani.”

Wazee wakaangua kicheko. Msusi alitamani ardhi ipasuke immeze. Fundi peke yake hakucheka.

“Yaani ungeniacha kwa ajili ya maneno mawili ya katekisimu?”

“Nina wivu, baba. Nakupenda mpaka naumwa. Nikifikiria mwanamke mwingine anakushika mkono, akili inaniruka. Naomba uni…”

“Nimeshakusamehe.”

“Mbona sijamaliza kuomba?”

“Nilikusamehe ulipokuwa bado unanifokea.”

Machozi yakamtoka msusi. Mchungaji akaangalia wazee wake, akafunga kitabu.

“Swali limejibiwa. Kijana amefaulu. Tukutane Jumamosi, harusini.”