Wageni wa Moyoni

Skrini kubwa ya ukumbi ilijaa moyo wa Bi Zamaradi, nao ulikuwa unadunda. Watu wa Morogoro walishangilia. Mwangwisha, mtambo uliobuniwa na Daktari Sikudhani, ulipeleka mwilini mawimbi ya sauti isiyosikika, ukasoma mwangwi wa seli moja moja, zikiwa hai, bila kisu wala sindano.

"Mwanangu, hiki kidude chako kinanitekenya mbavu," Bi Zamaradi, aliyejitolea kupimwa mbele ya watu, alitania pale kwenye kitanda cha vipimo, na ukumbi ukacheka.

Mwanangu! Sikudhani aliuma meno. Huyu ndiye mwanamke aliyesifiwa nchi nzima kwa kutozaa ili alee yatima wa watu. Huyu huyu ndiye aliyemtupa yeye, kichanga, mlangoni mwa kituo cha yatima cha mbali. Mlezi wake alipomtobolea siri hiyo, Sikudhani alimwendea. Akafukuzwa getini bila hata kutazamwa usoni: sijazaa mimi, usinichafulie jina. Tangu siku hiyo alimchukia, na mtambo huu aliujenga akiwa na chuki hiyo.

"Seli za mtoto huvuka kwenda kwa mama wakati wa ujauzito," aliueleza ukumbi, "na nyingine hubaki humo maisha yote. Kila mtu ana mwangwi wake. Sasa, seli zenye mwangwi wangu mimi, mtambo utazipaka rangi nyekundu."

Bi Zamaradi aliinua kichwa. "Mwangwi wako wa nini? Daktari, zima!"

Sikudhani alibonyeza. Nyekundu zikachomoza, tele. Minong'ono ikaanza ukumbini. Raha ilimjaa Sikudhani mpaka kooni. Leo amepatikana!

Lakini macho yake yalirudi kwenye skrini. Seli zake hazikutawanyika ovyo. Zilikuwa zimekusanyika kwenye kovu la ugonjwa wa moyo uliompata Bi Zamaradi mwaka jana, zimeliziba, zinadunda pamoja na moyo.

"Zinafanya nini?" Bi Zamaradi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zinakutibu," Sikudhani alisema kwa hasira, machozi yakimtoka.

Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe cha kuongeza nguvu ya sauti. Sauti ikipandishwa kidogo tu, nyekundu zote zingepasuka. Bi Zamaradi aliuona mkono ule.

"Mwanangu," alisema, na safari hii hakuwa anatania, "utaziua?"

Sikudhani aliondoa mkono.

"Kaa nazo," alimwambia. " Ulikataa kunilea. Mimi nitakulea mpaka ufe."