Ruhusa ya Mwisho ya Sikitu

Mgeni aliingia chumba cha mitambo bila kubisha hodi, siku ya pili tangu Kigawaruhusa, mtambo wa kugawa ruhusa za makarani, kiwashwe. Ukutani yalimeta majina ya makarani mia nne wa jiji la Singida, na chini ya kila jina vitufe vinne: kuona, kuandika, kuthibitisha, kufuta. Zamani karani akipewa daftari la zamu za matibabu, alipewa lote, na wenye tamaa waliziuza. Sasa mkurugenzi aliweza kumnyang'anya mtu kitufe kimoja tu, kama anayeng'oa jino. Mhandisi Sikitu alikibuni Kigawaruhusa kwa miaka miwili, na alikipenda.

"Shikamoo, babu. Wagonjwa hawaingii huku."

"Marahaba. Roboti ya mlangoni inasema mimi si mgonjwa." Mzee alikohoa mpaka akashika ukuta. "Nina zamu ya kuoshwa mapafu leo. Inasema sina."

Aliitwa Kingu, mchimbaji mstaafu. Sikitu akalitafuta jina lake. Zamu iliandikwa upya mtamboni jana na karani wa kambi ya mgodi, lakini kabla hajaithibitisha, mkurugenzi alikuwa amemzimia kitufe cha kuthibitisha. Asubuhi mtambo ukazifagia zamu zote zisizothibitishwa. Watu thelathini na mmoja.

"Nyingine ni baada ya miezi mitatu," Sikitu alisema polepole.

"Daktari kanipa wiki mbili."

"Leo utaingia, babu. Nakuahidi."

"Ahadi za ofisini nazijua. Zingekuwa hewa, ningekuwa mzima."

Mkurugenzi Lyoba alikuwa ofisini kwake, anakunywa uji. Alimsikiliza Sikitu mpaka mwisho, bila haraka.

"Karani yule alichelewa kazini," alisema. "Nikamwadhibu kidogo. Si ndiyo uzuri wa mtambo wako?"

"Wagonjwa hawakuchelewa, mkurugenzi. Nipe dakika tano niwarudishe wote."

"Ili kila mhandisi arudishe anaowaonea huruma?" Lyoba akagusa kibao chake. Katika kioo cha mkononi mwa Sikitu, kuthibitisha kukazimika. "Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu mmoja asishike funguo zote." Kufuta kukazimika. Kisha kuandika. "Tena ulisema kunyang'anywa kitufe hakuumi." Akanywa funda la uji, akazima kuona.

Kilibaki kitufe kimoja, ambacho sheria ilimpa kila mgonjwa na hakuna mkubwa aliyeweza kukizima: kuachia zamu yako. Sikitu alikulia kambi ya mgodi, katika vumbi lilelile lililoharibu mapafu ya Kingu. Zamu yake mwenyewe ya kuoshwa mapafu ilikuwa saa tatu na nusu leo, baada ya kuingoja siku tisini. Zamu iliyoachiwa humwendea anayesimama wa kwanza mlangoni. Ilikuwa moja. Wale thelathini wengine hakuwa na cha kuwapa.

Alimkuta Kingu ameketi sakafuni penye mlango wa vyumba vya kuoshea.

"Inuka, babu. Simama mbele ya roboti, usisogee."

"Inanichukia hiyo."

"Simama tu."

Kidole cha Sikitu kilikaa juu ya kitufe cha kuachia zamu kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akabonyeza.

"Kingu, karibu ndani," roboti ikasema.

"Kumbe mkitaka mnaweza," mzee alinung'unika, akaingia bila kugeuka.

Sikitu alitaka kumjibu. Kikohozi kikamtangulia.