Mwisho Alioutunga Muuza Vitabu

Stendi ilifurika watu siku ile, hata ukikanyagwa hujui umgombeze nani. Msusi alipita amevaa gauni la kijani lenye vifungo mbele, kisigino kikanasa kwenye turubai la muuza vitabu vya mitumba. Meza ikayumba, vitabu vyote chini.

"Pole dada," muuza vitabu akasema, akiviokota. "Umekuja kununua au kubomoa?"

"Nabomoa kwanza, kununua baadaye."

Kwa aibu akachukua kilichokuwa karibu, riwaya ya mapenzi yenye jalada la waridi, akalipa, akaenda zake.

Alimpelekea mama yake, ambaye kisukari kilikuwa kimemnyang'anya macho. Jioni, akishanawa mafuta ya nywele, msusi aliketi kitandani akamsomea. Ilikuwa hadithi ya muuguzi na dereva wa lori, watu wa kawaida kabisa, wanaogombana kwa chumvi na kupatana kwa chai. Mama alicheka, akamsonya dereva, akasahau miguu inayomwaka moto. Ndiyo raha ya hadithi za namna ile: dunia ikutese mchana kutwa, jioni watu wawili wakuhakikishie kwamba kupendwa bado kupo.

Karibu na mwisho, kurasa zikakatika. Lakini muuza vitabu alikuwa na desturi ya kuandika namba yake ya simu ndani ya kila jalada, ili mwenye malalamiko asimtafute kwa mgambo.

"Kaka, umeniuzia kitabu hakina mkia!"

"Ewe mbomoaji! Nisamehe. Nilikisoma kabla hakijachanika."

Mama akaikamata simu. "Mwanangu, hebu niambie. Wanaoana?"

Muuza vitabu akakohoa kidogo. "Shikamoo, Mama. Wanaoana. Ila harusi yenyewe ndefu. Kesho nitakupigia nikusimulie."

Basi akawa anapiga kila jioni. Mara viatu vya bwana harusi vinabana, mara lori limepambwa maua likagoma kuwaka. Mama akishasinzia, simu inabaki kwa wawili.

"Umekula, laazizi?"

"Sijala. Nimesuka vichwa vitatu, vidole vimekufa ganzi."

"Vilete nivipulizie."

"Toka hapa!"

Muuza vitabu alipokuja nyumbani, shati limenyooshwa hadi pasi ikaacha alama, Mama alimpapasa uso, akasema, "Hii pua ya mtu mkweli." Na msusi, uongo ndio uliowahi kumponza. Mwanamume wa kwanza alimlisha maneno matamu, mpaka siku mke wa bwana yule alipoketi kwenye kiti chake cha saluni, asukwe. Kwa hiyo alimwomba muuza vitabu kitu kimoja tu: "Niambie chungu, nitameza. Usinidanganye." Naye akaapa.

Halafu mteja mmoja, kichwa nusu kimesukwa, akaitaja riwaya ile. "Nililia mpaka kope za bandia zikabanduka! Si wanaachana? Dereva anaondoka, muuguzi anabaki dirishani."

Kitana kikamdondoka msusi. Akatoka nje na simu.

"Wanaachana?"

Muuza vitabu alivuta pumzi. "Wanaachana."

"Na harusi? Na viatu?"

"Nilitunga. Mama aliuliza kwa sauti ile... ningemjibu nini?"

"Na mimi?"

"Nilitaka kukuambia wewe. Kila siku nasema kesho."

"Na yule bwana wa kwanza naye alikuwa wa kesho hivyo hivyo." Akakata, akaifungia namba yake.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Jioni ile Mama akauliza, "Kijana wa vitabu hajapiga?"

"Amesafiri, Mama. Amefuata mzigo."

"Atarudi?"

"Atarudi."

Yakamtoka laini, ulimi haukujikwaa hata kidogo. Mama akauliza tena na tena, naye akaongeza: barabara mbovu, kule mtandao hakuna. Mama akazidi kudhoofika. "Akirudi, mwulize kama muuguzi na dereva wamepata mtoto," alisema, naye hakuuliza tena jambo jingine. Asubuhi akakutwa ametulia, uso ameuelekeza simu ilipokuwa inalazwa.

Siku ya mazishi muuza vitabu, aliyesikia habari stendi, alikuja, lakini hakumsogelea. Alibeba viti kutwa nzima, akatumwa na kila mtu, akaitika. Watu walipotawanyika, msusi alimkuta uani akivipanga.

"Alikuuliza kila jioni," msusi akasema.

Muuza vitabu akashusha kiti. "Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia umesafiri. Nilimdanganya hadi mwisho, mimi niliyekufukuza kwa sababu ya uongo. Na ningeweza kukupigia tu. Simu moja!"

Muuza vitabu hakumwambia kwamba si kitu. Alijifuta macho kwa mkono wenye vumbi la viti.

"Alisubiri?"

"Alisubiri."

"Mimi nilikuapia, nikavunja," akasema. "Hilo sitalipamba. Ulimwambia nitarudi?"

"Nilimwambia utarudi."

"Basi nimerudi. Nimechelewa."

Msusi akaegemeza paji la uso kifuani pake, akaangua kile kilio alichokuwa amekibana tangu asubuhi mbele ya wageni. Muuza vitabu akamshika, wala hakumwambia nyamaza.