Kamyo ya Mwindaji

Kamyo ilikuwa na joto.

Gakwaya alikuwa na desturi ya kuweka kiganja juu ya boneti kila asubuhi kabla ya kuiwasha, kama baba yake kule Kirolirwe alivyokuwa akimgusa ng'ombe ubavuni kabla ya kumkamua. Siku zote chuma kilikuwa baridi. Asubuhi hiyo kilikuwa na joto la injini iliyozimwa punde tu, ilhali funguo zilikuwa shingoni mwake, zimefungwa kwa kamba ya kiatu, na hapo ndipo zilipolala usiku kucha.

Akazunguka mbele. Kwenye vyuma vya kulinda taa palinasa manyoya meupe, na harufu iliyotoka hapo haikuwa ya mazutu ya injini wala ya mawese waliyopakia Walikale. Ilikuwa harufu ya nyama mbichi na moshi wa kuni zisizokauka.

"Papa Mbonigaba," aliita kwa sauti ya chini. "Kuja uone."

Mbonigaba alikuwa msaidizi wake garini, mzee wa miaka sitini na miwili ambaye kampuni ilisahau kumstaafisha. Aliinama, akatazama, kisha akafuata alama za magurudumu kwa macho. Zilianzia pale kamyo ilipoegeshwa, nyuma ya restora ya Mama Olga walipolala, zikakata shamba la maharagwe, zikapanda kilima, zikarudi. Huko juu mbuzi wa Mama Olga alikuwa angali hai. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imevunjwa, yote miwili, pahali pamoja. Kwingine hakuguswa.

"Labda mwizi aliitwaa usiku," Gakwaya alisema.

"Mwizi ya kuiba kamyo na kuirudisha?" Mbonigaba alinong'ona. "Hapana, Papa. Unajua ile tulifanya."

Alijua. Siku tatu nyuma, katika msitu wa Walikale, walikuwa wamekwama kwenye shimo la tope, kamyo yao na nyingine tano, kwa siku tisa. Siku ya tisa Gakwaya alipanda ukingo wa barabara kutafuta mawe ya kuweka chini ya magurudumu, akakuta rundo limepangwa vizuri chini ya miti, limeota kuvu, na mkuki wenye kutu umechomekwa katikati. Mbonigaba alimwambia ayaache. Gakwaya alikuwa na njaa na matope mpaka masikioni. Aling'oa mkuki akautupa, akayabeba mawe yote ishirini na saba, na kamyo ikavuka. Kisha, kama afanyavyo shofere yeyote mwenye akili, akayachimbua na kuyatia kwenye sanduku la vyuma ubavuni mwa kamyo, yamsaidie kwenye shimo linalofuata.

"Tutayatupa Goma," alisema sasa.

Mama Olga alimchinja mbuzi wake akiwalaani wezi wasiojulikana. Wao wakaondoka.

Mchana ule ukungu ulishuka juu ya malisho ya Masisi hata vilima vikapotea. Gakwaya alikuwa akiendesha polepole, taa zimewaka, mara akagundua kwamba haisikii injini. Sindano zote za dashibodi zilikuwa zinacheza na magurudumu yalikuwa yanazunguka, lakini sauti ilikuwa imeshuka ikabaki kama pumzi ya mtu anayejificha.

"Simamisha," alisema Mbonigaba.

Akakanyaga freni. Haikushika. Usukani ulijigeuza mikononi mwake, bila pupa, kama mtu mwenye nguvu anavyomwondolea mtoto kisu, na kamyo ikatoka barabarani ikaingia majanini, ikivunja ua wa miti, ikimfuata mtamba mweusi aliyekuwa amesimama peke yake, na yule mtamba alipokimbia kamyo haikumgonga, ilimwendea kwa pembeni, ikamgeuza, ikamgeuza tena, mpaka akachoka na kuteleza, ndipo gurudumu la mbele likapita juu ya miguu yake ya nyuma na mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Kisha kamyo ikatulia pale, ikinguruma chinichini, na harufu ya moshi ikajaa ndani ya kabini hata machozi yakawatoka.

Mchungaji alitokea kwenye ukungu na fimbo yake. Alikuwa mtu mzima, mwenye koti refu la mvua na mabuti.

"Nyie bantu munafanya nini na ng'ombe yangu?" aliuliza, akija moja kwa moja mbele ya taa.

Gakwaya alipiga kioo kwa ngumi, akapiga mlango kwa bega. Mlango haukufunguka. Alipaza sauti kumwambia apande kwenye majabali yaliyokuwa kando, asikimbie majanini, lakini mchungaji aliona tu mtu anayepayuka nyuma ya kioo, na kamyo ilipoanza kumsogelea aligeuka akakimbia. Ilimwacha akimbie. Ilimwacha afike karibu kabisa na ua, mpaka akashika mti wa juu kwa mikono miwili na kuinua goti, ndipo ikaruka kama chui, ikambana magoti kwenye nguzo, ikarudi nyuma hatua tatu, ikasimama kumtazama.

Milango ikafunguka yenyewe.

Alijitaja jina lake walipokuwa wakimbeba: Shema. Miguu yake ilining'inia kama nguo zilizolowa. Wakamlaza kabini katikati yao, na kamyo, sasa ikiwa tiifu kama punda, ikawapeleka hadi zahanati ya kando ya njia. "Ilikuwa inaningojea nichoke," Shema alimwambia Gakwaya, akimshika kola. Alikata roho kabla hawajafika.

Gakwaya alimwachia muuguzi leseni yake ya udereva, kitambulisho chake na namba ya simu ya kampuni. Akasema atarudi kujibu.

Nje, Mbonigaba alikuwa ameketi chini mbali na kamyo.

"Tukifika Goma nayo," mzee alisema, "saa batoto ba masomo banatoka, itakuwa namna gani?"

Gakwaya alimwinua mzee, akamsaidia kupanda kabini. Naye akapanda, akageuza kamyo kuelekea msituni. Njia nzima, siku tatu, freni zilishika vizuri. Ilikuwa inarudi kwao.

Kwenye kijiji kilicho karibu na lile shimo la tope walimuuliza kila mtu juu ya rundo la mawe lenye mkuki, na kila mtu akatazama pembeni, mpaka wakaonyeshwa nyumba ya Mama Elisabeth, mjane wa katekista, mwenye rozari shingoni na kengele ndogo ya mbwa wa kuwinda mkononi. Aliwasikiliza amesimama mlangoni. Hakuwakaribisha.

"Ni baba yangu," alisema. "Alikuwa mwindaji. Wakati ya vita bakamuchukua awe anabatafutia bantu mu pori. Vita ikaisha, yeye hakuisha. Alikuwa anavunja miguu kwanza, halafu anaikala chini anaangalia. Ile mawe tuliweka juu ya kaburi yake ya kumufunga, Papa. Haikuwa ya kumupamba."

"Mama, tufanye nini?"

"Mawe iko ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Wewe uliitosha pale, wewe utairudisha. Na mikono, mbili mbili. Kamyo ibaki mbali. Na ukisikia kitu nyuma yako, usikimbie. Nyama ya kuwindwa ndo inakimbia."

Walianza jua likiwa juu ya vichwa. Barabara ilikuwa tupu. Zile kamyo nyingine zilikuwa zimeshavuka. Mama Elisabeth alisimama kwenye ukingo akitikisa kengele polepole na kusema maneno ya Kinyanga, na baina yake Salamu Maria. Gakwaya alibeba mawe mawili, akatembea hatua mia mbili, akayapanga, akarudi. Mara ya tatu alipogeuka, kamyo ilikuwa imesogea. Mara ya sita ilikuwa inamfuata, kabini tupu, usukani ukicheza kidogo kulia na kushoto, joto lake likimchoma mgongo, na kila alipotaka kwenda kwenye sanduku ilibidi apite ubavuni mwake akisugua bega kwenye chuma kilichokuwa kinapanda na kushuka kama mbavu. Alitembea. Mkojo ulimtiririka mpaka kwenye viatu naye alitembea.

Yalibaki mawe matatu wakati Mbonigaba, aliyeambiwa asimame kimya nyuma ya mti, aliposhindwa kuvumilia, akakimbia.

Hakukimbia mbali, maana miguu ya miaka sitini na miwili haifiki mbali kwenye tope. Kamyo ilimpita Gakwaya kwa upepo. Ikamkata mzee njia, ikamrudisha, ikamkata tena, kisha ikasikika ile sauti ya ukuni mkavu, mara mbili, na baada yake sauti ya Mbonigaba, ambaye katika miaka kumi na moja ya safari hakuwahi kumwita kwa jina tupu:

"Gakwaya. Gakwaya, kuja unitoshe hapa. Iko inaniangalia."

Gakwaya alikuwa na mawe mawili mikononi, na la mwisho amelibana kwapani.

"Weka," Mama Elisabeth alisema, na kengele haikusimama.

"Ni muzee wangu, Mama."

"Weka ile mawe, ao ataua sisi wote na kijiji."

Alitembea. Hatua zilizobaki zilikuwa arobaini, na katika hizo arobaini alisikia gurudumu likipanda taratibu sana, kutoka miguuni kuelekea juu, na mzee akimwita, kisha akimwita Mungu, kisha akitoa sauti isiyokuwa na jina la mtu ndani yake, na yeye Gakwaya aliweka jiwe la kwanza, akaweka la pili, akalitafutia la tatu mahali pake kwa vidole vilivyokufa ganzi, likakaa.

Injini ikazimika.

Walimzika Mbonigaba jioni ile ile, amezungushiwa turubai, mbali na lile rundo. Mama Elisabeth aliuchomeka mkuki mahali pake. Aliupata kwenye matete. Wakati wa kurudi kijijini Gakwaya alimpisha atangulie, kama inavyofaa kwa mama. Mama Elisabeth alimtazama machoni kwa muda, kisha akatazama chini, kwenye miguu ya Gakwaya, ambayo haikuwa inatoa sauti juu ya majani makavu.

"Pita mbele, Papa," alisema taratibu. "Sitaki utembee nyuma yangu."

Alirudi kujibu, kama alivyoahidi. Kesi ya Shema na ya Mbonigaba ilimweka gerezani miezi saba, kisha kampuni ikamwachisha kazi, akarudi Kirolirwe kwa mke wake, Christa, aliyebaki na mifugo. Alifika alasiri, wakati wa kukamua. Ng'ombe wanane waliomjua tangu walipozaliwa waliinua vichwa wote kwa pamoja, wakarudi nyuma, wakabanana kwenye pembe ya zizi, vifua kwa vifua, ndama katikati.

"Bamekusahau," Christa alisema, akicheka kidogo kumpa moyo. Aliweka ndoo chini, akaenda kuwatuliza.

Gakwaya alibaki langoni. Hewa ilinukia moshi wa kuni mbichi, ingawa jikoni moto haukuwa umewashwa. Alimtazama mkewe akivuka majani, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne ya ndoa yao aliona kwamba mguu wake wa kushoto ni dhaifu kidogo kuliko wa kulia, na kwamba akishtuka, atageukia upande wa bondeni.