Mume Wangu Alinifungia Taa Zake kwa Siri, Kisha Akaniacha Kwenye Ukungu

"ARNFINN! ARNFINN, NISUBIRI!"

Hakusimama.

Nilikuwa nimelala kwenye mtaro kando ya barabara ya mlimani, maji ya theluji yananipita mgongoni, pikipiki ya kilo mia mbili na sabini imenikalia mguu wa kushoto...

Na mbele yangu, taa nyekundu ya mume wangu ilikuwa inapotelea kwenye ukungu. Ikawa nukta. Ikaisha.

Wadau, naitwa Borghild. Nina miaka hamsini na mbili, naendesha basi la shule huku kwetu magharibi mwa Norway, na pikipiki nilianza kuendesha nikiwa na miaka kumi na tisa. Kuanguka nimeshaanguka sana tu. Kuachwa ndiyo ilikuwa mara ya kwanza!

Na kwenye klabu yetu, kuachwa si jambo dogo.

Tuna sheria moja, ya zamani kuliko wanachama wote. Tukiwa safarini, kila mtu ni mlinzi wa aliye nyuma yake. Unamtazama kwenye kioo cha pembeni. Taa yake ikipotea, punguza mwendo. Hesabu mpaka ishirini. Haijarudi? Simama! Aliye mbele yako naye ataikosa taa yako, atasimama. Hivyo hivyo mpaka kiongozi.

Miaka kumi na moja nimekuwa wa mwisho kwenye msafara, na mlinzi wangu ni mume wangu. Miaka kumi na moja sijawahi kugeuka nyuma wala kuogopa.

Sasa nilihesabu mpaka ishirini.

Nikahesabu mpaka mia mbili.

Kimya. Kondoo mmoja akaja ukingoni mwa mtaro, akanitazama huku anatafuna.

"Unashangaa nini na wewe?" nikamfokea.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mjue taa hizi zilianzaje kuniharibia ndoa.

Msimu wa baridi uliopita niliamua kuongeza taa za LED kwenye pikipiki yangu ya safari. Taa kubwa ya mbele haitoshi milimani kwetu. Kuna mahandaki, kuna kona, kuna ukungu unaokushukia mchana kweupe.

Mimi si mtu wa kununua kwa sifa za kwenye boksi. Nilikaa miezi mitatu nachagua! Nikachora mistari ya chaki kwenye ukuta wa gereji, nikawa naazima taa kwa watu, nafunga, nawasha, naangalia mwanga unapiga wapi. Unaopanda juu ya mstari, hapana. Unaokwenda mbali lakini hauonyeshi ukingo wa barabara, hapana. Isiyokuwa na alama ndogo ya E ya kuruhusiwa barabarani, hata sifungui boksi.

Kisha nikaita mkaguzi mkuu. Jirani yangu Gunnvor, miaka themanini na moja, mdomo ameuacha wazi tangu azaliwe.

Nikamkalisha kwenye kiti katikati ya uwanja wa shule, amenipa mgongo, mkononi kashika kioo chake cha kupakia rangi ya mdomo. Mimi nipo nyuma yake, hatua arobaini, juu ya pikipiki.

"Mama Gunnvor, nawasha! Ukiumia macho sema!"

Nikawasha mbili ndogo za njano, mwanga mpana, nimezifunga chini kabisa kwenye vyuma vya kukinga injini.

"Nakuona, mwanangu! Nakuona na pikipiki yako mbovu!"

"Macho?"

"Macho salama! Baridi ndiyo inaniua, fanya haraka!"

Nikawasha na zile ambazo Arnfinn alikuwa ameanza kuuza. Kubwa nyeupe, kila moja ina macho kumi na mawili.

Kioo kikamponyoka, kikapasuka.

"ZIMAAA! Zima hizo! Nimemwona mpaka marehemu mume wangu, na sikutaka kumwona!"

Basi, kesi kwangu ikaishia hapo. Nikafunga zangu za njano.

Arnfinn akanuna wiki nzima. Alikuwa ameingia biashara ya taa hizo kwa moyo wote, amewafungia wenzetu wote wanne klabuni, na yake pia. Kila jioni mezani ni hilo tu.

"Borghild, mke wa muuza taa anaendesha na vitaa vya njano? Watu watanionaje?"

"Watakuona una mke mwenye macho."

"Zangu zinamulika kilomita nzima!"

"Kizuri chajiuza, Arnfinn. Kibaya ndicho kinachojitembeza."

Akajimiminia kahawa. Nikadhani nimemshinda. Kumbe mwenzangu ananiwekea mtego!

Asubuhi ya safari yetu kubwa ya Juni, naingia gereji kuvaa helmeti... Jamani! Taa zangu hazipo! Mahali pake yamekaa madude yake mawili meupe, makubwa, yanameta. Zangu kazivingirisha kwenye gazeti, kaziweka kwenye rafu.

"ARNFINN!"

Akatokea na kikombe cha kahawa, anacheka cheka.

"Mke wangu, usikasirike. Tukifika kule juu tunapiga picha ya tangazo. Pikipiki sita, zote taa za aina moja. Siku moja tu!"

"Umegusa pikipiki yangu?"

"Siku moja tu, Borghild."

Wadau, niliumia. Mwanaume huyu anaijua kila nati ya ile pikipiki, anajua nani kazifunga. Kaingia kama mwizi, nimelala.

Nikabonyeza swichi nizizime. Hazizimiki! Kaunga nyaya moja kwa moja. Ukiwasha injini tu, zinawaka.

Na kivuko kinaondoka baada ya dakika kumi na tano, wenzetu wote wameshapanga foleni gatini. Nikatupa taa zangu na spana kwenye boksi la pembeni la pikipiki. Kimoyomoyo nikasema, kituo cha kwanza tu, nazing'oa mbele ya watu!

Lakini kabla ya kituo cha kwanza kulikuwa na mlima.

Tulipanda vizuri. Tukatoka kwenye handaki refu, na hapo hapo ukungu ukatumeza. Saa tatu asubuhi, Juni, theluji bado imesimama kingo zote mbili.

Taa nyeupe kali ndani ya ukungu hazimuliki barabara. Zinamulika ukungu. Mbele yangu pakawa peupe pee, sioni mstari, sioni nguzo, naona tu kinukta chekundu cha Arnfinn. Nikabonyeza swichi... hola! Kona ikaja, mimi sikuiona. Tairi la mbele likaingia kwenye kokoto.

Mengine mnayajua.

Nililala pale karibu nusu saa. Kilichoniuma zaidi ya mguu ni kile kinukta chekundu. Nilijisemea, Borghild, mumeo kaona taa yako imepotea na ameendelea na safari. Kwa sababu ya hasira? Kwa sababu nilimfokea asubuhi? Kwa sababu ya picha ya tangazo? Nililia, siwafichi. Nilikunywa machozi na maji ya theluji pamoja.

Kisha nikasikia injini. Gari la kulala watalii, Mholanzi mmoja mzee na mkewe. Wakafunga mkanda wa kuvutia kwenye pikipiki, tukaiinua kwa pamoja. Mguu ukatoka. Umevimba, umekuwa wa bluu, lakini vidole vinacheza.

"Mama, panda gari tukupeleke hospitali," akasema yule mzee.

"Nitakwenda. Kwanza nina kazi ndogo hapa."

"Kazi gani? Unatetemeka!"

"Nishikie hii nati, baba."

Nikavua glovu. Nikavua na pete ya ndoa, maana vidole vya mikono vilikuwa vimeanza kuvimba na inanibana kwenye spana. Nikaitia mfukoni. Nikakaa kwenye lami ya baridi, nikang'oa yale madude meupe, moja, la pili. Nikafunga vitaa vyangu vya njano, chini kabisa, pale pale nilipovichagulia.

Nikawasha injini.

Ukingo wa barabara ukatokea. Mstari ukatokea. Nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu!

Mke wa Mholanzi akapiga makofi.

Nikaendesha taratibu mpaka kwenye mgahawa wa mlimani, kilomita kumi na nane. Pikipiki tano zimepangwa nje, zinang'aa. Nikaingia nachechemea, natiririka maji, madude yake nimeyabeba kwapani.

Wote watano wako mezani na mkate na jibini ya kahawia.

Arnfinn akainua kichwa. "Aa, umefika! Ulisimama kujisaidia au..." Akaona suruali yangu. Akaona mguu. Kikombe kikamwagika. "Borghild! Mungu wangu, nini..."

"Nusu saa nimelala mtaroni, Arnfinn."

"Sikujua!"

"Taa yangu ilipotea kwenye kioo chako. Ulihesabu mpaka ngapi?"

"Nakuapia sikujua! Nilijua uko nyuma yangu! Tulipofika bila wewe nikadhani umesimama kung'oa taa kwa hasira!"

Eivind, kiongozi wetu wa msafara, akainuka. "Shemeji, kaa kwanza, tukuangalie huo mguu..."

"Sikai! Sheria ya klabu inasemaje, Eivind? Mbona hukusimama na wewe?"

"Sheria ni sheria. Lakini kila mtu alikuwa na mwenzake kwenye kioo, shemeji."

"Twendeni nje."

"Borghild, mguu..."

"NJE!"

Nikaiendea pikipiki ya mume wangu. Nikakaa kwenye kiti chake, nikashika usukani wake, nikatazama kioo chake cha kulia ili nione anachokiona yeye.

Niliona mawingu.

Nikatazama cha kushoto. Mawingu!

"Arnfinn. Vioo vyako vinatazama mbinguni."

Akainama kukitazama kioo mwenyewe. Nilimwona anavyokumbuka, kidogo kidogo, uso unamwisha rangi.

"Ni... ni kwenye handaki," akasema. "Mwanga wako ulikuwa unaniunguza macho. Nikavigeuza. Nikasema nitavirudisha tukitoka..."

"Mwanga wangu?"

Akazitazama zile taa kwapani mwangu.

Nikamwekea taa zake mikononi. "Mwanga wa nani, Arnfinn?"

Nilikuja pale nikiamini mume wangu aliniona naanguka akaniacha. Kumbe hakuniona kabisa! Alinifungia taa kwa mikono yake, zikampofua, akageuza uso. Sijui hata lipi lilikuwa baya zaidi.

Steinar, aliyekuwa mbele ya Arnfinn, akawa anasogea polepole kuelekea pikipiki yake. Nikamwahi.

"Ngoja, Steinar. Usiguse."

Mawingu.

Aliye mbele ya Steinar, mawingu. Wa mbele yake, mawingu. Nikafika kwa Eivind, kiongozi wetu, miaka ishirini anatusomea sheria kila msimu wa kiangazi...

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "na mimi nilivigeuza."

Vioo kumi, wadau. Vyote kumi! Toka kwenye lile handaki hakuna mtu aliyekuwa anamlinda mtu. Angeweza kuanguka yeyote.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba asiyesikia atakuwa mume na guu litakuwa la mke!

Arnfinn akapiga magoti kwenye kokoto, mbele ya wenzake wote. Nikadhani anakuja kuomba msamaha. Hapana. Akatoa spana, akaanza kufungua taa za pikipiki yake mwenyewe. Machozi yanadondoka kwenye nati. Kisha Steinar akaomba spana. Kisha Eivind.

"Na picha ya tangazo?" nikauliza.

"Nyamaza, Borghild," akasema mume wangu. "Tafadhali."

Mkewe Eivind alikuja na gari kunipeleka hospitali. Nikamwambia atangulie akanisubiri chini, mlima nitaushuka mwenyewe. Walibisha wote watano. Nikavaa helmeti.

Arnfinn akaisogeza pikipiki yake mbele yangu, kama miaka yote. "Nimeshavirudisha vioo," akasema. "Nitakutazama kila sekunde."

"Hapana. Leo wewe nyuma, mimi mbele."

"Borghild..."

"Nyuma, Arnfinn."

Akaona kidole changu hakina pete. "Pete yako iko wapi?"

"Mfukoni. Itakaa huko mpaka nitakapoamua mimi. Washa injini."

Tukashuka, mimi na vitaa vyangu vya njano mbele ya wanaume watano, anayenifuata ni Arnfinn. Kwenye kona ya nne nikatazama kiooni. Taa ya Arnfinn ilikuwa imepotea.

Nikapunguza mwendo. Nikahesabu. Moja... mbili... Nilifika kumi na saba.

Ikatokea, moja, ndogo, inakuja polepole sana. Nikamngoja mpaka akanifikia.

Mguu ulipona Agosti. Pete niliivaa Septemba. Hizo taa hauzi tena, na Gunnvor hajaacha kumwambia kila akipita, "Arnfinn, kioo changu unanilipa lini?"

Dada zangu, kaka zangu, ukinunua taa usiulize inafika mbali kiasi gani. Mkalishe mtu mbele yako na kioo, umuulize kama bado anakuona. Na mtu akigusa chako kwa siri kwa sababu anaona aibu na ulichochagua, king'oe, hata kama umekaa kwenye lami na mguu umevimba!