Damu Aliyoizuia Uweso

Watu wa Kigombe, mnaniambia tusiyafukue. Mimi nayafukua.

Sijaisahau asubuhi ile ya mwaka 1954. Mastura, jirani yangu, alikuwa uani na mimba yake ya miezi tisa, anapara samaki, na mumewe Uweso anamchokoza.

"Mtoto akifanana na kaka yako Miraji, namrudisha!"

"Mrudishe, na mimi nyuma yake," Mastura akamrushia magamba.

Kabla ya adhuhuri alijifungua mtoto wa kike, na damu haikomi. Lori la mkonge likatufikisha hospitali Tanga, yeye na sisi wanaume tuliomsindikiza, godoro limelowa.

Ilibidi Mastura atiwe damu ya mtu mwingine. Mpimaji damu, Methusela, alidondosha damu ya Miraji kwenye kigae cheupe, akaichanganya na maji ya damu ya Mastura. Ikafanya chengachenga kama maziwa yaliyokatika.

"Maji haya yana walinzi," akatwambia. "Wakikuta damu wasiyopatana nayo, huzishikamanisha chembe zake. Tukimtia hii, tumemuua."

Yangu nayo ikashikamana. Ya Uweso ikatulia laini.

"Alhamdulillahi!" Miraji akasema. "Shemeji, kunja mkono wa kanzu."

Uweso akarudi nyuma. "Uliyenyonya naye ziwa moja ni nduguyo. Sembuse aliyetiwa damu yako? Atakuwa dada yangu, ndoa ivunjike!"

"Atakuwa maiti, bwana!" Methusela akafoka.

"Aitwe Shekhe kwanza."

"Chumbageni hapo mashekhe wamejaa," Miraji akasema.

"Sitaki wa mjini. Namtaka wetu, aliyetuozesha."

Na sisi wanaume, nami nimo, tukaitikia: naam, Shekhe kwanza. Lori likarudi Kigombe.

Mastura, midomo imempauka, akasema kitandani, "Uweso, nipe. Niite dada, niite utakavyo. Nipe tu."

Uweso akatoka barazani kulingojea lori.

Shekhe alifika alasiri. Hakuketi.

"Ziwa linaloleta undugu ni la mtoto asiyetimiza miaka miwili. Mkeo ana mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Sasa ulikuwa ukingoja nini?"

Uweso akakunja mkono wa kanzu mpaka begani, akakimbilia wodini. Methusela alikuwa amekwisha kumfunika Mastura uso.

FUNZO

Msiniambie ajali. Serikali ilitufundisha kufunga matita ya mkonge. Habari ya tone moja la damu haikutufundisha, na sisi hatukuuliza. Kutojua si aibu. Dhulma ni kumlaza mtu anakata roho ili kiburi chako kipate fatwa. Ulizeni leo, wake zenu wangali wazima.

Binti wa Mastura ana miaka mitano sasa. Juzi kaniuliza mamaye alikufa kwa maradhi gani. Nikamwambia: hakufa kwa maradhi, mwanangu. Alikufa akitungoja sisi.